Kunyanyua gari kwa barabara za kusini: anza na mzigo, inchi zitafuata

Wadau wa Mtwara na Lindi, kila msimu wa korosho ukiisha na hela ikishaingia naona watu wanakimbilia gereji kunyanyua Cruiser zao, na swali la kwanza kwa fundi huwa ni "nipandishe inchi ngapi?" Swali hilo liweke pembeni kwanza. Anza na gari inabeba nini kila siku, afu inapita wapi, inchi utazipata mwishoni na mara nyingi zitakuwa mbili tu.

Sababu ni kwamba anayebeba gari ni springi, shokapu habebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Sasa springi inatengenezwa kwa uzito fulani, ndo maana hawa jamaa wa Australia, Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog, kwa gari ile ile moja wanakuuzia springi za aina tatu nne, urefu unakaribiana ila uzito wa kubeba tofauti kabisa. Ukichukua ya mzigo mzito ukaifunga kwenye gari tupu inaruka kama mbuzi na tairi hazishiki barabara, ukichukua laini ukajaza mzigo nyuma inalala na zile inchi ulizolipia huzioni tena.

Kwahiyo kaa chini na karatasi upige hesabu ya vitu visivyotoka kwenye gari. Bampa la chuma la mbele kilo 50 au 60, winchi na waya wake kilo 35 hivi, keria la juu, betri ya pili, tairi mbili za spea. Dizeli lita moja ni kama kilo 0.84, ukiwa na tanki la ziada la lita 90 hapo una kilo 75 na ushee, maji lita moja kilo moja. Mzigo wa muda uandike peke yake, usiuchanganye na ule wa kudumu. Mtu anayebeba magunia kumi ya korosho ya kilo 80 ana kilo 800 nyuma, ila kama anazibeba wiki chache tu za msimu na miezi iliyobaki anatembea na mkewe na begi moja, springi ya kilo 800 itamtesa mwaka mzima. Huyo achukue springi ya mzigo wa kati, kama nyuma ni koili aongeze puto za upepo zinazoingia ndani ya koili, anajaza akipakia anapunguza akishusha. Kwa pikapu yenye springi za pleti (vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine) puto sizipendi, zinasukuma chesesi sehemu moja na kwenye barabara mbovu na mzigo mkubwa nyuma chesesi za pikapu za milango minne zinapasuka kweli, hapo bora pleti sahihi.

Njia. Huku kwetu adui mkubwa sio mawe, ni rasta, yale matuta madogo madogo yaliyopangana kwenye barabara ya vumbi. Nangurukuru kwenda Liwale ni zaidi ya kilomita 200, ukishaacha lami pale Nangurukuru shokapu inapiga kazi bila kupumzika, mafuta ya ndani yanachemka, yanachanganyika na hewa yanakuwa povu, na povu halitulizi kitu, unakuta saa moja ya kwanza gari ilikuwa safi afu ghafla inaanza kuelea kwenye kona. Hapo hela yako inatakiwa iende, kwenye shokapu kuliko kwenye inchi. Mimi mtu akiwa na bajeti ya kitu kimoja namwambia abaki na springi za kiwandani kama hazijalala anunue shokapu nzuri nne.

Shokapu zenyewe zina familia kama tatu. Ya bomba mbili yenye gesi ya naitrojeni ndo ya kawaida, jiwe likibonyeza bomba la nje haifi papo hapo, inafaa kwa wengi. Kuna yenye sponji ndani mahali pa gesi, nene, mafuta mengi, inachelewa kuchemka, kwa gari zito la kubeba kila siku naipenda hii. Afu kuna ya bomba moja mtindo wa Bilstein, inapoa haraka sana na inashika barabara vizuri mno kwenye mwendo, ila bomba likibonyea pistoni inakwama na mchezo umeisha. Zile shokapu zenye kichupa cha mafuta pembeni waachie wenye hela na wanaokimbiza. Kujua kama shokapu zako za sasa zimekufa, ukishatembea rasta nusu saa simama, gusa kila moja haraka kwa mgongo wa vidole, inayofanya kazi ni ya moto, ukikuta moja imepoa wakati wenzake wanaunguza hio ni pambo.

Mchanga wa Msimbati na zile njia za ndani Tandahimba, sikia mjomba, suspensheni haikusaidii sana, punguza upepo wa tairi mpaka psi 16 au 18 utapita ulipokuwa unakwama. Na hapa wengi hawajui, kwenye gari yenye ekseli ya kipande kimoja kunyanyua springi hakupandishi difu (lile tufe la gia katikati ya ekseli) hata milimita moja, difu linakaa pale pale kwasababu linabebwa na tairi. Bodi ndo inapanda. Ukitaka difu lipande weka tairi kubwa, na unapata nusu ya tofauti tu, kutoka 265/75R16 kwenda 285/75R16 kipenyo kinaongezeka kama inchi 1.2 kwahiyo difu linapanda inchi 0.6. Inchi mbili za springi zinakupa nafasi ya hio tairi isisugue na tumbo lisiguse tuta la katikati ya njia kipindi cha mvua, basi.

Ukivuka mbili matatizo yanaanza kuja na bili. Inategemea una gari gani. Land Cruiser za 70 (mkonga) kuanzia 1999 na Land Cruiser VX ya 80 mbele zina ekseli nzima na koili, ukinyanyua ekseli inajizungusha kidogo kwenye mikono yake, kasta (ule mlalo wa mguu wa mbele unaorudisha usukani) inapungua, usukani haurudi katikati wenyewe na gari inatangatanga ukifika lami ya Mingoyo. Dawa ni bushi za kurekebisha kasta, na ile fimbo ya kulala inayoshika ekseli isiende pembeni uweke ya kurekebishika maana ekseli nayo inahama upande. Bushi za mikono hio usiweke za plastiki ngumu hata muuzaji akisifia, raba ya kawaida inaruhusu ekseli ijipinde kwenye makorongo, ngumu inaizuia.

Prado na Hilux kuanzia Vigo mbele ni mguu mmoja mmoja, hapo inchi mbili ndo mwisho wa amani. Zaidi ya hapo sivijointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi) inakaa kwenye pembe kali, buti la raba linachanika, vumbi na mchanga vinaingia, na alaimenti inagoma mpaka ununue amu za juu. Zile vipande vya kuweka juu ya koili kupandisha gari kwa bei poa, zinapandisha kweli ila mguu unabaki na nafasi ndogo ya kushuka, kila shimo unasikia kishindo. Prado 120 na 150 za juu kutoka Japani zingine zina puto nyuma badala ya koili, zikianza kuvuja badilisha ziwe koili tu, vumbi na chumvi ya pwani havina urafiki nazo.

Springi za pleti, yaani nyuma ya mkonga na Hilux. Fundi atakwambia "kaka tuongeze pleti mbili za lori la Fuso tumalize kazi", kataa kwa heshima. Pleti isiyolingana inabeba peke yake, zingine zinalegea, afu ile kuu inakatika jichoni mko Kiegei huko usiku. Weka seti nzima mpya na bushi zake na yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), yubolti ya zamani ikishavutika haikazi tena vizuri. Vibao vya chuma vya kuweka kati ya springi na ekseli mbele ni marufuku kabisa, nyuma kimoja kifupi unaweza kuvumilia ila viwili kupandana hapana.

Kabla hujalipa, pima. Gari sehemu tambarare, imebeba mzigo wako wa kawaida na tanki limejaa, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda pande zote nne andika. Hizo namba ndo unamtumia muuzaji wa Dar, sio picha. Shokapu nayo iwe ya urefu wa gari iliyonyanyuliwa, fupi itafika mwisho kabla mguu haujashuka na itang'oka, ndefu mno itagonga ndani kabla ya raba ya kugongea kufanya kazi. Na shokapu feki zipo nyingi, za jina la KYB hasa, ukiona bei nusu ya wengine wote na boksi halina namba ya spea rudisha mfukoni.

Siku ya kufunga simamia mambo machache. Bolti zenye bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake, fundi akizikaza inaning'inia kwenye jeki bushi inabaki imejikunja na inachanika mapema. Hozi za breki, shusha mguu mpaka mwisho uone hazivutiki. Nyuma ya Cruiser na Hilux nyingi kuna valvu ya breki yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli inayosoma mzigo, ukinyanyua gari inadhani hakuna mzigo inapunguza breki za nyuma, na wewe unashuka mlima wa Newala na magunia. Hio fimbo irekebishwe siku hio hio. Afu alaimenti, taa za mbele zishushwe usiwapige wenzako macho, tembea kama kilomita 500 urudi gereji ukaze yubolti zote upya, na ukishatoka kuendesha ufukweni ioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujailaza.