"Kimeharibika": jinsi ya kulisema kwa Kiingereza unapoishi ughaibuni

Kwa Kiswahili kitenzi kimoja kinatutosha. Gari limeharibika, maziwa yameharibika, sherehe imeharibika, mimba imeharibika, na jina la mtu pia huharibiwa. Kiingereza hakina kitenzi cha kubeba yote hayo. Huangalia kwanza ni kitu gani kilichoharibika, kimeharibika kwa kiasi gani, na je, kuna aliyekiharibu? Kwa anayeishi ughaibuni, hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu jibu lake huingia kwenye fomu ya bima, maelezo ya polisi au barua kwa mwenye nyumba. Likishaandikwa, ndilo litakalosomwa.

Tuanze na "spoil", maana wengi wetu tulisafiri nalo. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki mtu husema "my car is spoilt" na kila mtu akamwelewa. Akisema hivyo Uingereza au Marekani, msikilizaji husita. Huko "spoil" ni la chakula kinachooza, la starehe iliyoingiliwa na la mtoto aliyedekezwa. Mzazi anayemwambia mwalimu "my child is spoiled", akikusudia kwamba marafiki wamemharibu mwanawe tabia, anaeleweka kuwa amemdekeza yeye mwenyewe. Afadhali aseme "his friends are a bad influence on him". Hata kwa maziwa, watu katika mazungumzo hupendelea maneno mengine: Mwingereza atasema "the milk has gone off", Mmarekani "the milk has gone bad". Mkate uliokauka ni "stale", ulioota ukungu ni "mouldy", ambalo Wamarekani huliandika "moldy".

Kwa simu, televisheni au mashine ya kufulia, tumia "broken". Usidhani lazima kiwe kimepasuka vipande. "My phone is broken" ni sahihi hata kama haina mchubuko wowote, ili mradi haifanyi kazi. Gari lililozimika njiani "has broken down". Lifti ya jengo ni "out of order". Faili la kompyuta lisilofunguka ni "corrupted", na betri iliyokwisha ni "dead", au "flat" kwa Waingereza. Angalia tu herufi ya mwisho ya "broken": "I am broke" maana yake huna hela.

Sasa tuje kwenye sarufi, na hapa mzawa wa Kiswahili ana mtaji mkubwa. Sisi tunatofautisha bila kufikiri: nimevunja dirisha, dirisha limevunjwa, dirisha limevunjika. Kiingereza nacho kinaweza, ila si kwa kila kitenzi. "Break" hukubali hali zote: "I broke the window", "somebody broke the window", "the window broke". "Damage" haikubali ile ya tatu. Huwezi kusema "my car damaged"; sema "my car was damaged". Kisha kuna mtego: "the window was broken" yaweza kumaanisha kwamba mtu alilivunja, au kwamba lilikuwa tayari limevunjika. Kama ulilikuta hivyo, liseme waziwazi: "The window was already broken when I moved in". Neno "already" hapo lina kazi kubwa, usiliache.

Kuhusu kiasi, "damage" humaanisha kitu kimepata hitilafu lakini bado kipo, na mara nyingi chaweza kutengenezwa. "Ruin" humaanisha kipo lakini hakifai tena, kama zulia lililomwagikiwa rangi. "Destroy" ni kuangamiza, kama nyumba iliyoteketea. Ndiyo maana sipendi kusikia mfanyakazi akimwambia msimamizi wake "I destroyed the computer" kwa sababu tu kahawa imemwagika. Amejitia hatiani kuliko ilivyostahili. "I spilled coffee on the computer and it stopped working" inaeleza kilichotokea bila kuficha wala kutia chumvi. Gari ambalo kulitengeneza hakulipi tena kulingana na thamani yake huitwa "written off" Uingereza na "totaled" Marekani. Ukiona maneno hayo kwenye barua ya bima, hawakusudii kulitengeneza.

Vitenzi vingine vimebeba kusudi ndani yake. "Vandalise" ni kuharibu mali kwa makusudi. Jina hilo limetoka kwa Wavandali, waliopora Roma mwaka 455. "Tamper with" ni kuchezea kitu usichoruhusiwa kugusa, mathalani king'ora cha moshi. Usivitumie kueleza ajali. Bima nazo hutofautisha "accidental damage", yaani uharibifu wa bahati mbaya, na "malicious damage", yaani wa makusudi, na polisi wa England na Wales wakitaja "criminal damage" wanazungumzia sheria ya 1971, inayomhusu aliyeharibu mali ya mwingine kwa kukusudia au kwa kutojali hatari aliyoiona. Kama kiwiko chako kimeangusha kitu, neno lako ni "accidentally".

"Damage" haina wingi inapomaanisha uharibifu. Ukiiona ikiwa na s kwenye barua ya wakili, "damages", hiyo ni fidia: kuna pesa inayodaiwa. Barua hiyo isikae mezani.

Hospitalini hali ni tofauti kabisa. Binadamu hasemwi kuwa "damaged"; kiungo chake ndicho husemwa hivyo, kama ini au mishipa ya fahamu. Mtu aliyeumia ajalini ni "injured" au "hurt". "Wounded" hutumika zaidi kwa aliyejeruhiwa kwa silaha. Tumbo likiharibika, una "upset stomach". Mimba ikiharibika, sema "I had a miscarriage". Baadaye unaweza kuona kwenye kumbukumbu za daktari maneno "spontaneous abortion" na moyo ukashtuka. Ni lugha ya kitabibu kwa mimba iliyotoka yenyewe, hakuna anayekutuhumu kuitoa. Akina mama wengi huumizwa na maneno hayo kwa kukosa mtu wa kuwaeleza, nami naona ni haki yao kujua mapema. Daktari akikuuliza kama umewahi kufikiria "harming yourself", anataka kujua kama unawaza kujidhuru. Mjibu ukweli, anauliza ili upate msaada.

Limebaki suala la nyumba ya kupanga. Mikataba ya Uingereza hutaja "fair wear and tear", ya Marekani "normal wear and tear", yaani kuchakaa kwa matumizi ya kawaida: zulia lililofifia pale watu wanapopita, rangi ya ukuta iliyopauka kwa jua. Hayo kwa kawaida hayakatwi kwenye amana yako. Zulia lililoungua kwa pasi ni "damage", na hukatwa. Kwa hiyo siku ya kuingia, usiandike "damaged" peke yake kwenye orodha ya vitu. Itaje hitilafu kwa jina lake: "scratched" kwa kilichochubuka, "dented" kwa kilichobonyea, "cracked" kwa chenye ufa, "chipped" kwa kilichomeguka ukingo, "stained" kwa chenye doa. Andika na mahali ilipo, piga picha zinazoonyesha tarehe, mtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo, nawe ubaki na nakala.