Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujibu Shtaka la Kuendesha Gari Ukiwa Mlevi Nchini Kenya

Anayekamatwa usiku wa Ijumaa kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa mlevi ajue mapema kwamba huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza kituoni ni dhamana ya polisi. Ukiachiliwa kwa pesa taslimu, dai stakabadhi na uitunze, kwa sababu fedha hizo si faini wala si shukrani kwa afisa, na hurudishwa kesi inapokwisha ikiwa ulifika kila ulipotakiwa. Nakili pia nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na una haki ya kunyamaza: leseni utaionyesha, lakini hulazimiki kusimulia ulikunywa chupa ngapi na ukiwa na nani.

Kabla ya kujibu lolote kizimbani, soma hati ya mashtaka neno kwa neno. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakimwadhibu mtu kwa kunywa, bali humlenga aliyeendesha, aliyejaribu kuendesha au aliyekuwa na dhamana ya gari (yaani gari likiwa chini ya usimamizi wake) barabarani au mahali pa umma, huku kileo au dawa ikiwa imemwondolea uwezo wa kulidhibiti gari ipasavyo. Jambo hilo la uwezo ndilo kiini cha kesi, na Mahakama ya Rufaa ililisisitiza mwaka 2017 ilipozichambua kanuni za kipimo cha pumzi, kile ambacho madereva hukiita alkoblo. Hata hivyo, aliyesinzia kwenye usukani gari likiwa limeegeshwa kando ya barabara asijidhanie yuko salama, kwa kuwa naye anaweza kuhesabiwa kuwa na dhamana ya gari.

Wengi hukiri haraka ili walipe na kwenda kazini kabla mwajiri hajauliza, na kwa maoni yangu hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 100,000, kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili, na kwa kawaida dereva hupoteza pia haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12 au zaidi. Kwa dereva wa matatu au wa lori, hilo huuma kuliko faini yenyewe. Isitoshe, aliyekiri kosa hubaki na nafasi ya kupinga uhalali au ukubwa wa adhabu tu, si kutiwa hatiani kwenyewe. Ukikana, kesi hupangiwa tarehe ya mashahidi kusikilizwa, na kukosa kufika bila sababu huleta agizo la kukamatwa na kupotea kwa dhamana.

Isome pia bima yako, kwani mikataba mingi hukataa kulipia gari la dereva aliyekuwa amelewa. Ukipatikana na hatia, rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu adhabu kutolewa, kwa hiyo omba nakala ya mwenendo wa kesi kabla ya kuondoka mahakamani siku hiyo.