Jinsi ya kupata wazo la taswira za jukwaani kwa ajili ya tamasha

Nimetoka kumsaidia mwenzangu anayeandaa taswira za skrini kubwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshafungua Resolume, programu ya kuchezesha video jukwaani, klipu zimejaa, lakini hajui anatafuta nini. Mimi huenda hivi.

1. Omba orodha ya nyimbo, kasi ya kila wimbo na vipimo vya skrini. Bila hivyo usianze.

2. Sikiliza ukiwa umefumba macho. Kwa kila wimbo andika rangi, mwendo na kitu kinachoshikika: "kijivu, kupanda, uzi". Kazi za wenzako usizitazame kwanza, maana ukishaziona utaishia kuziiga.

3. Rudi kwa waliotangulia. Len Lye, msanii wa filamu, alikuwa akipaka rangi moja kwa moja kwenye mkanda wa filamu miaka ya 1930. Mwaka 1968, pale kwenye ukumbi wa muziki wa Fillmore East jijini New York, kundi la wasanii wa mwanga la Joshua Light Show lilichezesha mafuta na maji ya rangi juu ya projekta huku bendi ikipiga. Picha ilizaliwa papo hapo pamoja na muziki, na hilo ndilo la kuiga.

4. Rekodi vitu halisi. Hatua hii hula saa nyingi, lakini siibadilishi kwa klipu za kununua, kwa sababu hizo hizo utaziona kwenye jukwaa la jirani.

Chukua bakuli la kioo lenye kitako bapa, liinue, weka taa chini yake na karatasi nyeupe katikati ili mwanga usambae. Mimina maji, kisha mafuta ya kupikia, usubiri mapovu yaishe. Dondosha rangi ya chakula. Tone litabaki duara ndani ya mafuta, litashuka taratibu, na likigusa maji litapasuka na kutoa mizizi. Sekunde hizo chache ndizo unazozitaka.

Kabla ya kurekodi, funga fokasi na mwangaza wa kamera. Ukiiachia ijirekebishe yenyewe, picha itang'aa na kufifia kila tone linapoanguka, na kuisafisha baadaye ni mateso. Ukiona mistari inatembea kwenye picha, ni taa inapepesa: weka kasi ya shata ya kamera iwe sekunde 1/50 kama umeme wako ni wa hezi 50, au 1/60 kama ni wa 60. Ukirekodi mwendo wa polepole tatizo huzidi, kwa hiyo tumia mwanga wa jua. Futa vumbi kwenye kioo, kwani kwenye skrini ya mita kumi kila chembe itaonekana. Maji yakishachafuka, mwaga uanze upya, usijaribu kuyaokoa.

5. Kata lupu, yaani klipu inayojirudia, kwa mdundo. Kwenye wimbo wa midundo 128 kwa dakika, midundo 16 ni sekunde 7.5.

6. Itazame kwa mbali. Skrini ya upana wa mita 10 yenye pikseli kila milimita 3.9 ina pikseli kama 2,560 tu kwa upana, na mistari myembamba hupotea. Cheza klipu kwenye simu, isimamishe upande wa pili wa chumba. Usipoelewa unachokiona, ongeza ukubwa wa umbo au acha weusi mwingi zaidi. Kwenye skrini ya LED, iliyoundwa kwa taa ndogondogo, weusi ni taa zilizozimwa, na hapo msanii ndipo anapoonekana. Mimweko isizidi mitatu kwa sekunde, kwani kuna watu ambao mwanga wa kumweka huwaletea kifafa.