Kabla ya Safari ya Kwanza Bila Mwenzio

Watu wawili waliozoea kusafiri pamoja huwa wamegawana kazi bila hata kukaa kikao. Mmoja hutunza pasipoti, mwingine huangalia saa. Mmoja huelewana na dereva wa teksi, mwingine ndiye anayekumbuka chaja. Kwetu, nyaraka zote zilikaa kwenye kipochi cha ngozi alichokivaa mwenzangu shingoni. Safari ya kwanza baada ya msiba nilifika mbele ya afisa wa uhamiaji, nikageuka kushoto nimwombe pasipoti yangu. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Kwa hiyo mjane au mgane anayeniuliza aanzie wapi, simwambii habari ya begi. Namwambia akae na karatasi aandike kila alichokuwa akifanya marehemu safarini, kikubwa na kidogo. Orodha hiyo inauma kuiandika. Lakini ndiyo itakayokuonyesha cha kujifunza, cha kumwomba mtu mwingine akusaidie, na cha kuacha kabisa.

Fedha na simu ndizo zinazowakwamisha wengi. Usiwe na haraka ya kufunga laini ya simu ya marehemu. Benki, barua pepe na akaunti za tiketi huenda bado zinatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na ikishafungwa unaweza kujikuta nje ya akaunti ambazo nawe ulikuwa ukizitumia. Hamishia kila kitu kwenye namba yako kwanza. Angalia pia kadi unayoitumia: kama ilitolewa kama kadi ya ziada kwenye akaunti ya marehemu, benki ikipata taarifa ya kifo inaweza kuizima siku hiyohiyo. Akaunti ya pamoja nayo huweza kuzuiwa mpaka mirathi ishughulikiwe. Usiondoke bila kadi mbili zenye jina lako, na zisikae mfuko mmoja.

Kama mlikuwa mmeshakata tiketi za wawili, usifute kitu. Pigia shirika la ndege, omba watenganishe nafasi yako na ya marehemu kwanza, ndipo ufuatilie marejesho ya tiketi yake. Mashirika mengi yatataka cheti cha kifo, kwa hiyo toa nakala kadhaa zilizothibitishwa. Ukisafiri na watoto wadogo, beba nakala moja pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa, maana baadhi ya nchi huuliza ridhaa ya mzazi mwingine.

Fomu za viza zinahitaji siku tulivu. Ile ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mfano, inauliza hali ya ndoa, na ujane una kisanduku chake. Mara ya kwanza kukiwekea alama, mkono unagoma. Ijazie nyumbani, usingoje kuijazia dirishani na foleni nyuma yako. Kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, futa jina la zamani kila lilipo, hata ndani ya pasipoti.

Mwone daktari. Hili nalisisitiza, kwa kuwa majonzi hayaishii moyoni kwa maana ya hisia tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali iitwayo takotsubo, jina la mtungi wa kunasia pweza: baada ya mshtuko mkubwa, kama wa kufiwa, chumba cha chini cha moyo upande wa kushoto hulegea na kutanuka kikafanana na mtungi huo. Maumivu yake ya kifua hufanana na ya shambulio la moyo, na huwapata zaidi wanawake waliokwishakoma hedhi. Wengi hupona, ila wanahitaji hospitali. Kama umeanzishiwa dawa za usingizi au za presha, zitaje zote kwa kampuni ya bima ya safari, kwa sababu ugonjwa uliofichwa unaweza kukunyima malipo.

Ukitaka kubeba majivu yake, chagua chombo cha mbao au plastiki. Cha chuma huzuia mashine ya ukaguzi kuona ndani. Beba na cheti cha kuchoma mwili.

Kuhusu pa kwenda, mimi singeanza na mahali mlipopapenda kuliko pote. Anza na usiku tatu au nne, mahali papya, kwa tiketi inayobadilishika. Angalia kalenda ili siku ya kuzaliwa kwake au ya ndoa yenu isikukute peke yako hotelini bila kujiandaa, isipokuwa umechagua hivyo. Ziara za meli hupanga bei kwa watu wawili chumba kimoja, hivyo uliza nyongeza ya anayelala peke yake kabla hujalipa. Ndani ya ndege omba kiti cha njiani. Machozi yakija, utainuka bila kumpa mtu maelezo.

La mwisho ni jioni. Ile saa mliyokuwa mkisimuliana mliyoyaona mchana ndiyo ngumu kuliko zote. Kabla hujaondoka, patana na mtu mmoja, mtoto, dada au rafiki, kwamba kila siku saa fulani utampigia, na akiikosa simu yako ajue ampigie nani. Umsimulie na yale madogo: mvua ilivyowakuta kituoni, mtoto aliyekupungia mkono. Mwambie mapema kwamba hutamhitaji akufariji, ila asikilize mpaka umalize.