Namna ya Kuingiza Uhifadhi wa Majengo ya Kihistoria katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa maafisa wa mipango miji, wanakamati wa mitaa na wenye majengo kongwe wa Mombasa, hasa wale watakaoitwa mezani mpango wa matumizi ya ardhi utakapoandaliwa au kupitiwa upya. Jambo la kushikilia tangu mwanzo ni kwamba jengo la kale haliokolewi na orodha ya makumbusho peke yake, bali na kanuni iliyo mbele ya afisa anayepokea ombi la kibali cha ujenzi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia Serikali ya Kitaifa majengo na magofu ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, ikazipa kaunti kazi ya kupanga ardhi. Kwa hiyo nyumba moja ya Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, ina wasimamizi wawili, na pasipo mpango unaowaunganisha kila mmoja huweza kudhani kuwa mwenzake ndiye aliyelitazama ombi.

Kazi huanza na ramani. Mji wa Kale una ukubwa wa hekta zipatazo 72, na ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpaka wake, pamoja na eneo la kinga, yaani ukanda unaoizunguka na kuilinda, la Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, uchorwe juu ya ramani ileile ya viwanja inayotumiwa kila siku na idara ya ardhi, kiwanja kwa kiwanja na namba yake, wala usiachwe kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua. Baada ya hapo mitaa ipitiwe kwa miguu, na kila jengo liandikiwe umri wake unaokadiriwa, hali ya kuta na paa, matumizi ya sasa, wanaoishi humo, na kama ni mali ya mtu mmoja, ya warithi wengi au ya wakf, yaani mali iliyowekwa kwa ajili ya dini au hisani.

Madaraja matatu yanatosha. La kwanza ni majengo yasiyoruhusiwa kubadilishwa nje wala ndani. La pili ni yale ambayo sura yake ya mbele, milango ya nakshi na roshani hulindwa, lakini ndani mwenyewe anaruhusiwa kupanga upya. La tatu ni majengo yasiyo na thamani ya kihistoria, ambayo yanaweza kubomolewa mradi kitakachojengwa mahali pake kilingane na mtaa. Ukweli ni kwamba ugomvi mwingi utatokea kwenye daraja la pili, na ni heri sababu za kila jengo kuwekwa humo ziandikwe mapema, kabla mwenye nyumba hajaleta mchoro.

Ramani isiishie Mji wa Kale. Majengo ya utawala ya Treasury Square, Mahakama ya Zamani iliyo karibu na Fort Jesus, nguzo ya Mbaraki, kengele ya Frere Town pale Kengeleni na mibuyu ya Mama Ngina vyote viko nje ya mitaa ambayo watu huifikiria wanaposikia neno urithi, na ndivyo vinavyoweza kusahauliwa barabara inapopanuliwa.

Sehemu inayodai uangalifu zaidi ni kanuni zenyewe za ujenzi. Wengi hudhani kuwa adui wa mji wa kale ni mjenzi anayevunja sheria, ilhali mara nyingi sheria ya kawaida ya ujenzi ikifuatwa barabara huharibu zaidi. Kanuni hiyo hutaka jengo jipya lirudi nyuma kutoka ukingo wa njia, liache nafasi pembeni, lisijaze kiwanja chote na liwe na maegesho ya magari. Nyumba za Mji wa Kale zimegusana ukuta kwa ukuta, zikasimama ukingoni mwa njia zenye upana wa kupita watu na mkokoteni, na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la kila nyumba hufungukia njiani. Jengo moja likirudi nyuma mita tatu ili kutii kanuni, kivuli cha njia hukatika, ukuta wa jirani uliozoea kuegemewa hubaki wazi, na tundu hilo haraka hugeuka kuwa maegesho. Kwa hiyo mpango uutangaze Mji wa Kale kuwa na kanuni zake, zinazolazimisha jambo lililo kinyume: jengo jipya lifuate mstari wa nyumba zilizopo, lisipite urefu wa majirani zake, na lisidaiwe maegesho hata kidogo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutangaza eneo maalumu la mipango, na hiyo ndiyo njia iliyo nyoofu.

Kanuni zitamke pia vifaa na matumizi. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Anayetaka duka pana chini ya nyumba atalazimika kutoboa ukuta unaobeba ghorofa ya juu. Ndiyo maana kubadilisha matumizi kutoka makazi kuwa ghala au duka kubwa kuhesabiwe kama ujenzi unaohitaji kibali, hata pasipo tofali jipya. Kuta za mawe ya matumbawe zipigwe lipu ya chokaa, kwa kuwa saruji huzuia unyevu na chumvi kutoka, na ukuta huanza kubomoka kutoka ndani wakati nje unaonekana mpya.

Kisha utengenezwe utaratibu wa kibali, na hapa kuna mtego wa tarehe. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya 2019, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Faili ikilala kati ya ofisi mbili, basi ghorofa limekwisha kupata ruhusa. Mpango uitaje ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuwa mamlaka inayopelekewa nakala ya kila ombi la viwanja vilivyotiwa alama, uweke siku za kutoa maoni, na uamue kuwa ombi lisilo na maoni hayo halijakamilika. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti hukata rufaa kwa kamati ya maelewano ya mipango ndani ya siku 14, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakazi waelezwe muda huo mapema.

Ulinzi wa karatasi usiofuatwa na fedha hauzuii dari kuanguka. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba ya warithi waliotawanyika, kila mmoja akiwa na fungu dogo, haina wa kununua chokaa, na mpangaji wa nyumba ya wakf anayelipa kodi ya zamani hana sababu ya kutengeneza paa. Kaunti inaweza kupunguza ada za ardhi kwa anayekarabati kwa utaratibu, kutenga fungu la kuegemeza kuta zilizo hatarini, na kukaa na wasimamizi wa wakf juu ya matengenezo. Mumbai, kwa kanuni za mwaka 1995, humruhusu mwenye jengo la urithi kuhamishia kwingineko haki ya kujenga ghorofa aliyozuiwa kuitumia. Hapa kwetu jambo hilo lahitaji kwanza kuamua ni sehemu gani ya bara ipokee ghorofa hizo za ziada, na bila ya uamuzi huo ahadi haina thamani sokoni.

Vikao vya maoni vifanywe Kibokoni, Kuze na Bondeni kwenyewe, baada ya sala ya alasiri, ramani ikiwa imebandikwa ukutani kwa Kiswahili. Rasimu ikishapita, orodha ya majengo ihuishwe kila mwaka kwa picha mpya za kila sura ya mbele, na jengo lililoharibika lisishushwe daraja kwa sababu ya uharibifu huo, maana vinginevyo mwenye kutaka kiwanja kitupu atangojea mvua tu.