Somo: Kukaza bolti za baiskeli kwa spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza)

Nimeulizwa mara nyingi mno bolti ya baiskeli ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo naliandika jibu hapa mara moja, na kuanzia leo nitamwelekeza kila muulizaji kwenye somo hili.

1. Tafuta kipimo kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe, aghalabu karibu na bolti, kwa Nm (nyutonimita, kizio cha nguvu ya kukaza).

2. Safisha hesi (mifereji ya skrubu kwenye bolti), uzipake grisi pale mtengenezaji anapoagiza.

3. Chagua spana inayolingana na kazi. Hapa ndipo nilipoharibu usukani wa kaboni. Nilikuwa na spana moja tu, kubwa, ya Nm 10 hadi 60, nikaishusha chini ya alama yake ya mwisho kwa kukadiria Nm 5. Nikavuta nikiungoja mlio, yaani sauti ya spana ya kuashiria kwamba kipimo kimefikiwa, haukuja, nikaongeza nguvu, na sauti niliyoisikia hatimaye ilikuwa ya kaboni kupasuka. Spana ya mlio hukosea kwa urahisi karibu na kikomo chake cha chini, na chini ya hapo haipimi kitu. Bolti ndogo za usukani na za kiti, ambazo nyingi huhitaji Nm 4 hadi 6, zinataka spana ndogo inayoanzia Nm 2. Kubwa ibaki kwa kazi kama pete ya kaseti (inayobana meno ya gurudumu la nyuma), inayokazwa kwa Nm 40 hivi. ONYO: mlio ukichelewa, simama, legeza, kagua spana, kisha uanze upya.

4. Shika mpini katikati, vuta polepole, acha papo hapo mlio unaposikika. Kuvuta tena ili kuhakikisha ni kuzidisha.

5. Palipo na bolti nne, kaza kwa mshazari, kidogo kidogo.

6. Ukimaliza, rudisha kipimo kwenye alama ya chini kabisa, usipite hapo.

MASWALI

– Mwalimu, usukani ni Nm ngapi?
Hatua ya 1.

– Wangu hauna maandishi. Basi ni 5?
Sikusema hivyo. Soma mwongozo wa mtengenezaji. Usukani na kishikizo chake vikitofautiana, fuata kipimo kilicho kidogo.

– Nguzo ya kiti ni ya kaboni, nimeikaza ipasavyo, lakini inateleza. Niongeze nguvu?
Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuongeza. Futa grisi yote, upake ute maalumu wa kaboni wenye chembechembe. Hizo huongeza msuguano, nguzo ikashika kwa nguvu ileile. Hakikisha pia kwamba kipenyo cha nguzo ndicho kinachotakiwa na fremu.

– Naweza kufungulia pedeli kwa spana hiyo?
Hapana. Ni chombo cha kupimia. Tumia spana ya kawaida yenye mpini mrefu. Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume.

– Kwa nini za kinyume, mwalimu?
Uzito wa mguu huikandamiza ekseli ya pedeli upande mmoja wa tundu lake, na krenki (mkono unaobeba pedeli) inapozunguka mgandamizo huo huzunguka pia, ukaiviringisha ekseli taratibu kuelekea upande uleule wa mwendo wa krenki. Hesi za kila upande zimechongwa ili mviringiko huo usiifungue pedeli. Kwa hiyo, kabla ya kukaza ya kushoto, hakikisha spana yako inapima pande zote mbili, kwa maana nyingi za mlio hupima upande wa kulia pekee.