Sikukuu ya Kuzaliwa ya Mtoto Mdogo Katika Bustani ya Umma Ughaibuni

Anayeishi ughaibuni katika nyumba ndogo ya kupanga, yenye majirani juu, chini na ubavuni, hugundua mapema kwamba watoto kumi wenye umri wa miaka mitatu hawatoshi sebuleni. Bustani ya umma huwa jibu la haraka, nalo ni jibu zuri, mradi mzazi akumbuke kwamba eneo hilo ni la kuazima: lina mwenyewe, na lina watu wengine wenye haki ya kulitumia siku hiyohiyo.

Mwenyewe huyo kwa kawaida ni halmashauri ya mji au manispaa, na masharti yake hupatikana kwenye tovuti yake. Mahali pengi, familia chache zinazotandika mikeka kwenye nyasi hazihitaji kibali chochote, lakini mambo hubadilika pindi unapotaka kuhodhi banda lenye meza, kusimika hema, kuwasha jiko la mkaa, kuleta jenereta au spika, au kukodi jumba la upepo, yaani lile linalojazwa hewa ili watoto warukeruke ndani yake. Usidhani kwamba makatazo hayo ni ukorofi wa maofisa. Vigingi vya hema, kwa mfano, hukatazwa katika bustani nyingi kwa sababu vinaweza kutoboa mabomba ya kumwagilia yaliyofukiwa chini ya nyasi. Jumba la upepo nalo huombewa hati ya bima kwa sababu likishikwa na upepo linaweza kupeperuka na watoto wakiwa ndani. Kiwango cha usalama kinachotumika Ulaya hakiruhusu litumike upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa, na kinataka lifungwe ardhini kwa angalau nukta sita. Kwa maoni yangu, kwa watoto walio chini ya miaka mitano jumba hilo ni gharama isiyo na faida, kwani bembea zilizopo zinawatosha na pengine kuwazidi. Ukipewa kibali, kichapishe ukichukue mkononi, maana si ajabu kukuta familia nyingine imeshaketi katika banda lako, na karatasi yenye mhuri humaliza mazungumzo hayo kwa upole kuliko sauti.

Muda wa saa mbili unatosha kabisa. Mtoto mdogo huchoka kabla ya watu wazima kumaliza salamu, na sherehe inayoangukia saa yake ya kulala huishia kwenye kilio cha mwenye siku mwenyewe. Wakati wa kiangazi, jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa hiyo asubuhi mapema ndiyo bora, na kabla ya kuwaachia watoto ni vyema ugusie kwa mkono bembea ya kuteleza, kwani ya chuma au hata ya plastiki ikikaa juani huweza kuunguza ngozi.

Kuhusu saa, nina ungamo. Niliwahi kuandika mwaliko wa Kiswahili wenye maneno “saa 8 hadi saa 10”, nikautuma kwa kila mtu, na mzazi mmoja aliyeutafsiri kwa simu yake akafika saa mbili asubuhi, akakuta umande na mbwa wawili. Tangu hapo huandika 14:00 hadi 16:00, hata kwa Waswahili wenzangu. Mwaliko utaje pia saa ya kumaliza, jina la lango la kuingilia pamoja na alama ya mahali kwenye ramani, kama ndugu wa mtoto aliyealikwa wanakaribishwa, na kwamba kwa umri huu mzazi anaombwa abaki hadi mwisho. Uliza humohumo kama mtoto ana mzio wa chakula chochote.

Jambo linalostahili kufikiriwa kuliko mapambo yote ni macho. Bustani nyingi hazina uzio, na mahali ambapo watu wazima ishirini wanaangalia watoto, mara nyingi hakuna hata mmoja anayewaangalia, kwa kuwa kila mtu anamtegemea mwenzake. Chagua sehemu iliyo mbali na barabara, maegesho na bwawa. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, tena bila kupiga kelele. Kisha pangeni zamu: mtu mzima mmoja, dakika kumi na tano, amevaa kizibao cha rangi kali, haongei na simu wala hakati keki, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Andika namba yako ya simu kwenye utepe wa mkononi wa kila mtoto. Kumbuka pia namba ya dharura ya nchi uliyopo, kwa kuwa ni 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, na 000 Australia. Na ujue jinsi ya kueleza mlipo, kwani jina la bustani peke yake halimfikishi dereva wa gari la wagonjwa kwenye mti mliokaa chini yake.

Chakula kiwe chepesi. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, soseji zisikatwe miviringo, na karanga nzima na bisi ziachwe nyumbani, kwa kuwa vyote hivyo huweza kuwakaba watoto wadogo. Vyakula vinavyoharibika visikae nje ya sanduku la barafu zaidi ya saa mbili, au saa moja joto likipita nyuzi 32. Kwa kuwa upepo wa uwanjani huzima mishumaa, chukua kiberiti cha akiba, na ukiamua kutumia mishumaa ya betri, hakikisha kifuniko kimekazwa kwa skrubu: betri ndogo ya duara ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Maputo yapunguzwe. Vipande vya puto lililopasuka hukaba watoto, na yale yanayong’aa kama fedha, yakiponyoka na kugusa nyaya, huweza kukata umeme.

Siku ikiisha, zoa kila kitu, ondoa hadi kamba zilizofungwa kwenye miti, kisha piga picha ya banda likiwa safi kabla ya kuondoka. Amana uliyolipa hurudishwa kirahisi zaidi unapokuwa na picha hiyo.